Barua ya Kwenda kwa Samiha

Handeni, Jumatatu 4 Machi 1968

Mvua bado. Lambo limebaki tope la rangi ya chai ya maziwa, na leo zahanati tumepokea wagonjwa arobaini na watatu, zaidi ya nusu wanaharisha. Niliporudi saa kumi nilimkuta mama mkwe amelowa tangu asubuhi. Wifi yangu Shida anasema hakusikia akiitwa. Mama ataitaje mtu, na ulimi haumtii tangu kiharusi cha Septemba? Nimemwosha, nimembadilisha shuka, nimempaka poda mgongoni. Mwanangu Fatu alikaa chini kando ya kitanda akimwimbia bibi yake nyimbo za shule ambayo hata hajaanza.

Jumatano 6 Machi

Barua ya mume wangu Mbwana imekuja, kwa baba yake. Ni ya Kiarabu, kama kawaida yake tangu alipoizoea Kairo. Baba mkwe aliniita barazani akanisomea salamu zangu: “Mwambie mama Fatu namkumbuka, masomo ya kilimo yanaelekea ukingoni, asichoke.” Mimi mwenyewe sijapata barua yangu tangu mwezi wa kumi. Baba anasema mwanafunzi hana nafasi ya kuandika barua mbili kwa nyumba moja. Labda ni kweli.

Jumapili 10 Machi

Idi ya kuchinja. Baba amesalisha. Mvua bado.

Alhamisi 14 Machi

Leo imekuja barua zahanati, jina langu juu yake, stempu ya Misri, mwandiko nisioujua. Ndani ni Kiingereza, herufi kubwa kubwa kama za mtoto wa darasa la tano. Naiweka hapa kwa Kiswahili ili nijue kuwa sikuota:

“Kwa Mwanaidi. Mimi ni Samiha, binti wa fundi cherehani ambaye Mbwana amepanga chumba kwake. Baba yangu amekubali anioe baada ya Maulidi. Mbwana ametuambia kwamba alikwisha kumwacha mke wake wa Tanzania. Lakini chini ya mashati yake nimekuta bahasha yenye anwani yako, na picha yako na mtoto. Sielewi kwa nini anaificha. Niambie wewe mwenyewe kama ni kweli amekuacha. Jibu kwa Kiarabu, maana binamu yangu anayeniandikia hii anaolewa na kuhamia Aswani, na sitaki mtu mwingine anisomee.”

Nimeisoma mara tatu nyuma ya kabati la dawa. Kisha nikamdunga mzee mmoja sindano mkono uleule niliomdunga jana, akalia kama mtoto.

Kuoa mke wa pili ni haki yake, sibishi. Lakini kusema ameniacha! Mimi ninayemwosha mama yake!

Ijumaa 15 Machi

Nimemwambia baba baada ya sala. Alivua kofia, akaishika magotini. Nilidhani atafoka. Aliuliza tu, “Nani mwingine ameisoma?”

“Hakuna, baba.”

“Shida je?”

“Hajui Kiingereza.”

“Vizuri. Huyu mtoto amekosa adabu. Tulia, mwanangu, jibu nitakuandikia mimi mwenyewe.”

Nimepumua. Baba mkwe, Mwalimu Mhina, amefundisha Kurani nusu ya wanaume wa mji huu, na Kiarabu chake si cha kukariri tu, anakiandika kama maji yanavyotiririka. Nikimpata yeye, nimepata wakili.

Jumanne 19 Machi

Mvua! Imeanza saa nane mchana, watoto wa madrasa wakatoka mbio kuikinga kwa midomo.

Nimeandika ninachotaka kusema kwa Kiingereza, maana karatasi yoyote ya Kiswahili Shida akiiokota anaisoma. Baba naye hajui Kiingereza, kwa hiyo kila neno namweleza maana yake, naye ananipa la Kiarabu na kuliandika kwenye daftari hili kwa herufi za Kiarabu, na mimi naandika matamshi pembeni. Alisema nijifunze, elimu haiozi. Tulianza na “wrong”.

“Hilo ndiyo nini?”

“Ni kosa, baba, lakini la kumfanyia mtu. La kumnyima haki yake.”

“Dhulm,” akasema. “Hilo hata ninyi mnalo, mnaliita dhuluma.”

Likafuata “angry”. Nilisema, basi hilo ni hasira, si limetoka kwao? Baba akacheka. Alisema nikimwandikia Mwarabu *hasra* ataelewa kwamba nina majonzi, nimepoteza kitu na hakirudi. Neno lao la kukasirika ni *ghadhab*.

“Yaandike yote mawili, baba. Ninayo ya kwetu na ya kwao.”

Akayaandika.

Jumamosi 23 Machi

Mvua siku nzima. Leo tumeshughulika na neno moja tu, “hurt”. Baba aliuliza kama ni kuumia mguu. Nikamwambia hapana, ni mtu kukufanyia jambo ukajiona huna thamani. Alichezea kalamu, nje maji yanamwagika kutoka kwenye makuti. “Kasr al-khatir,” akasema mwishoni. “Khatiri ni ile nafsi ya ndani. Wao hawasemi imeumia. Wanasema imevunjwa.”

Nimeliandika mara mbili.

Jumanne 26 Machi

Leo tulibishana. Nilileta “betray”. Baba alilijua kabla sijamaliza kueleza, akasema ni *khiyana*, lakini tusiliweke.

“Kwa nini, baba?”

“Ni neno zito. Mwenye khiyana ni mtu aliyepewa amana akaila. Mungu hampendi. Mbwana ni kijana, amepitiwa. Mwandikie kwamba amekosea, inatosha.”

“Kwani mimi na Fatu hatukuwa amana?”

Kalamu yake ilisimama juu ya karatasi mpaka wino ukadondoka.

“Haya,” akasema. “Khiyana.”

Nilimwonea huruma. Nilijua ni aibu ya mwanawe inayomzuia. Baba yangu mzazi alifariki nikiwa na miaka tisa, na leo kwa mara ya kwanza sikumkumbuka kwa uchungu, kwa sababu nina mwingine.

Alhamisi 28 Machi

Kufungua shamba la kijiji. Baba aliomba dua, kisha akaongea juu ya uaminifu, kwamba ujamaa bila uaminifu ni kulima mchanga. Balozi wa nyumba kumi alipiga makofi mpaka kofia ikaanguka. Tumepanda mahindi ekari sita.

Jumatano 3 Aprili

Barua imekwisha. Baba aliisoma yote kwa Kiarabu, kwa sauti yake ile ya kuvuta, na kila sentensi akanigeuzia kwa Kiswahili. Nililia. Kila nilichosema kilikuwemo: dhuluma, majonzi, kuvunjwa, khiyana. “Sikuachwa. Mimi ni mke wake na huyu ni mtoto wake.” Akaikunja, akaibandika kwa gundi mbele yangu.

Jumatatu 8 Aprili

Baba ana homa. Alitaka kuipeleka barua posta mwenyewe, lakini hata kusimama hawezi. Kesho nakwenda Korogwe kwenye semina ya chanjo ya ndui, nimemwambia nitaiposti kule, siku za Maulidi zinakaribia. Alisema tungoje apone. Nikasema hapana, nikaichukua mwenyewe juu ya rafu. Akainuka kwa kiwiko.

“Basi usiifungue. Nimeisomea dua.”

Kilole, Korogwe, Jumatano 10 Aprili

Nipo kwa dada yangu Zamda. Jana basi lilikwama mara mbili kabla ya Segera. Tulishuka wote, wanawake kwa wanaume, tukasukuma, mvua inatupiga. Pale njia panda nilinunua mahindi ya kuchoma nikayala nimelowa chapachapa. Mkoba nao uliingia maji. Asubuhi hii nilipotoa vitu nivianike, bahasha ya Samiha ilikuwa imeachia gundi yote.

Sikuifungua mimi. Naandika hivi kwa sababu ndilo jambo la kwanza nililowaza, la kijinga kabisa: kwamba sikuvunja ahadi.

Niliikunjua ili ikauke karibu na jiko. Wino haukuharibika. Nilitaka kuyaona maneno yangu katika mwandiko wa baba, basi nikafungua daftari hili nikatafuta *dhulm*. Sikuliona. Nikasema labda limebadilika umbo katika sentensi. Nikatafuta *khiyana*, ambalo nalijua hata nikifumba macho. Halimo. *Kasr* halimo. *Hasra* halimo. Nilipita mstari kwa mstari kwa kidole, kama tulivyofundishwa chuoni tukiwa wadogo. Kurani niliisoma bila kujua maana, lakini herufi nazijua. Mstari wa tatu kidole kikasimama. To, lamu, alifu, kafu. Talaka.

Zamda aliniuliza kwa nini nimekaa chini sakafuni.

Baadaye, siku hiyohiyo

Nimetoka kwa Bi Mwatumu, aliyetufundisha chuo sisi wasichana wa Kilole. Amezeeka, lakini Kiarabu anakijua. Nilimpa karatasi bila kusema ni ya nani. Aliisogeza mlangoni penye mwanga, akanigeuzia polepole:

“Kwa bibi Samiha. Mimi Mwanaidi nakiri kwamba Mbwana bin Mhina aliniacha kwa talaka mwezi wa Rajabu, kwa ridhaa yangu, na eda yangu imekwisha. Sina kinyongo naye wala nawe. Nawatakia ndoa ya heri.”

Akaivua miwani.

“Mwanaidi, umeachwa tangu Rajabu, mbona hukuja kutuambia?”

“Sikujua, bibi.”

“Hukujua nini?”

“Sikujua kama nimeachwa.”

Alinitazama, kisha akaanza kulia yeye. Mimi sikulia.

Alhamisi 11 Aprili

Semina. Nimejifunza kuchanja.

Ijumaa 12 Aprili

Semina.

Handeni, Jumamosi 20 Aprili

Nilibaki Kilole wiki nzima nikisema naumwa. Leo nimerudi. Baba alikuwa barazani na watoto watano wa madrasa. Sikumwamkia. Naye alipoona hivyo aliwaambia watoto waende nyumbani, wakaondoka na mbao zao wakigeuka geuka nyuma.

Niliiweka barua juu ya mkeka.

“Nisomee tena, baba, kama ulivyonisomea siku ile.”

Hakuigusa. Hakukana pia. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, nilikuwa na majibu ya kila uongo. Aliingia ndani akatoka na kitabu kinene, akafungua katikati, akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwandiko wa Mbwana. Kiswahili, safari hii. *Mimi Mbwana Mhina nimemwacha mke wangu Mwanaidi talaka moja. Baba mpe karatasi hii.* Tarehe kumi na mbili Rajabu.

“Unayo toka lini?”

“Toka Shaabani.”

Nilihesabu. Nilifunga Ramadhani nzima nikimwombea mtu ambaye si mume wangu. Eda imekwisha mimi nikiwa nateka maji yao.

“Na zile salamu ulizokuwa unanisomea?”

Alikifunga kile kitabu.

“Baba. Zile salamu.”

“Nilizitunga.”

“Zote?”

“Zote toka Shaabani. Ulikuwa unafurahi, mwanangu.”

“Usiniite hivyo.”

Alisema sasa kila kitu kwa mkupuo, kama mtu anayetapika. Kwamba mama alikuwa na miezi miwili tu tangu aanguke. Kwamba ningeondoka, na Fatu ningemchukua. “Nani angemgeuza? Shida? Mimi mwanamume mzee? Nikasema nitamwambia akipata nafuu.”

“Hatapona. Nilikuambia mimi mwenyewe, kama muuguzi, hapahapa ulipokaa.”

“Uliniambia.”

“Basi ulikuwa unangoja nini?”

Akasema Fatu ni wa ukoo huu, na mtoto anabaki kwao. Hapo ndipo ghadhabu ilinijia.

“Fatu anakwenda nami. Ukimtaka, twende mahakama ya mwanzo, mimi nitapeleka karatasi hii na barua hii, na wewe utamsomea hakimu salamu zako, watu wote wa mji wasikie.”

Aliinamisha kichwa. Sikuwahi kumwona akiinamisha kichwa isipokuwa kwenye sala.

Jumatano 24 Aprili

Sijawahi kuona mahindi yakiota vizuri kama mwaka huu. Watu wanaimba njiani. Kazini nimeandika barua ya kuomba uhamisho.

Jumamosi 27 Aprili

Nimemwandikia Samiha kwa mkono wangu, kwa Kiarabu, kwa maneno ya daftari hili na machache niliyopewa na Bi Mwatumu. Sarufi najua ni mbovu. Imenichukua siku nne kuandika mistari minne:

“Ni kweli ameniacha. Mimi sikuambiwa. Miezi sita nimekaa kwa baba yake kama mke wake, nikimwuguza mama yake. Hii ni dhuluma, na khatiri yangu imevunjwa.”

*Khiyana* sikuliweka. Si la Mbwana. Mbwana aliandika karatasi akaituma, kwa ubaya wake. Nimeiposti mwenyewe.

Jumamosi 4 Mei

Wiki hii nzima nimemfundisha Shida. Kumgeuza mama kila baada ya saa mbili, kumfuta kwa spiriti, kumkausha chini ya matiti na kwenye nyonga, kumlisha uji ameinuliwa mabega asipaliwe. Shida ni mvivu lakini si mbaya. Aliniambia, “Wifi, mimi sikujua.” Namwamini. Angejua, mji mzima ungejua.

Kuagana na mama ndiko kulikonishinda. Alinishika kanga kwa mkono wake mzima asiiachie, machozi yanamtiririka mpaka masikioni. Ilinibidi nivitoe vidole kimoja kimoja. Katika nyumba hii nimedanganywa na kila salamu niliyosikia, lakini yale machozi ni ya kweli, na nayachukua.

Baba alilibeba sanduku langu hadi stendi kichwani mwake, yeye, Mwalimu Mhina, watu wanatazama. Sikumwomba.

Kilole, Jumatatu 13 Mei

Mvua. Fatu anamwulizia babu yake.

Jumapili 19 Mei

Fatu anamwulizia babu yake. Zamda amepika bada, ugali wa muhogo, na mboga ya mchunga, nimekula vizuri kwa mara ya kwanza.

Jumatatu 27 Mei

Uhamisho umekubaliwa, zahanati ya kule milimani juu ya Kwashemshi, kuanzia Julai. Baridi, wanasema. Watu wanalima migomba hadi mlangoni.

Alhamisi 6 Juni

Samiha amejibu. Bi Mwatumu amenisomea. Alianza kwa taratibu, kisha akaharakisha, nikajua si nzuri.

“Dada yangu, asante kwa kusema kweli. Nimelia kwa ajili yako. Nimemwonyesha baba yangu. Amesema, maadamu talaka ni ya kweli na eda imekwisha, hakuna kizuizi. Ndoa ni Ijumaa baada ya Maulidi. Uniombee.”

Nilimwuliza Bi Mwatumu kama pengine neno moja amelikosea. Akasoma tena. Hakulikosea.

Sijui nilitegemea nini. Nadhani nilitegemea kwamba mtu mmoja, popote alipo, ataisoma dhuluma yangu asimame.

Jumamosi 15 Juni

Shida alituma ujumbe kwa dereva wa basi: mama ana kidonda mgongoni, kinanuka. Leo asubuhi nimekwenda Handeni. Mvua zimekatika, barabara imeshakauka, saa sita nilikuwa mlangoni. Baba alikuwa barazani. Nilimsalimu kama anavyosalimiwa mtu yeyote mzima, nikapita ndani.

Kidonda ni kikubwa, kinaingia kidole hadi kiungo cha pili. Nilichemsha maji, nikakisafisha, nikakata nyama iliyokufa. Mama hakulia. Ulimi wake umefunguka kidogo tangu niondoke, sasa anatoa maneno, moja moja, yamepinda lakini yanasikika. Nilifurahi kusikia. Nilimwambia, “Alhamdulillahi, mama, unasema!”

“Ni-li-jua,” akasema.

“Ulijua nini, mama?”

“Kara-tasi.”

Nilidhani anamaanisha kitu kingine. Nikamwinamia, nikauliza karatasi ipi.

“Ya Mbwana. Alini-somea. Siku ile ile.” Akapumzika. Akafumba macho. “Nili-kuhi-taji.”

Toka Shaabani, basi. Asubuhi zote zile. Alikuwa hawezi kusema, hilo ni kweli. Lakini kichwa cha kutikisa alikuwa nacho, na mimi nilikuwa nikimwambia kila siku, huku nampaka poda, kwamba mwanao amekusalimu, mama, mwanao anarudi karibuni. Naye alikuwa ananitazama.

Mikono yangu haikusimama. Nilikijaza kidonda kwa kitambaa chenye dawa, nikafunga, nikamwonyesha Shida jinsi ya kubadilisha kila asubuhi. Mama hakufumbua macho tena, au alikuwa anaogopa kuyafumbua. Baba alileta chai kwenye sinia, akaiweka mlangoni mwa chumba. Niliiacha palepale.

Kidonda kile Shida hakiwezi peke yake. Nitakwenda kila Jumamosi mpaka Julai. Nimemwambia nitakuja na maji yangu ya kunywa na chakula changu.

Kwao sili tena.